Harufu ya Nondo Jike

Jua lilikuwa linazama nilipoingia bondeni kukagua mitego. Kazi ya kawaida tu. Tuliachia nondo huku ili viwavi wao wale magugu yaliyofunika mashamba, na mitego ndiyo inayotuonyesha kama bado wapo. Kila mtego una gundi, na juu ya gundi kuna kipira chenye harufu ya nondo jike. Dume akiinusa, hajiwezi.

"Vaa glovu," mzee wa stoo hunikumbusha. "Ukikishika kwa mkono mtupu, utaenda na harufu nyumbani."

"Kwani inanuka?"

"Kwa pua ya mtu? Thubutu! Anayeisikia ni nondo dume tu."

Glovu zinanitoa jasho. Juzi sikuvaa. Nilipofika nyumbani mume wangu alinusa viganja vyangu, akafumba macho.

"Mke wangu, leo umepaka nini?"

Sikuwa nimepaka kitu.

Nilicheka, nikaificha mikono mgongoni. Tangu siku aliyokuja kutusaidia kuachia nondo, akapotelea kwenye magugu hadi jioni, simwelewi. Chakula hagusi. Akilala huelekeza uso kwenye taa, na nikiizima anaamka. Dalili ya mvua ni mawingu. Mimi niliyaona, nikajifanya ni moshi.

Mtego wa mwisho uko katikati ya magugu. Upepo ulikuwa umetulia, lakini nyuma yangu majani yalitikisika.

Shaa...

Nikasimama. Yakanyamaza.

Mtego ulikuwa umechanwa. Kipira hakipo. Kwenye gundi hapakuwa na nondo hata mmoja, ila unga wa kijivu, ule wa mabawa, mwingi kupita kiasi.

Na kifungo cha shati.

Kilikuwa cheupe, chenye uzi mwekundu. Nilikishona mwenyewe, uzi mweupe ulikuwa umeniishia.

Nilitoka bondeni nikikimbia. Kwenye bomba la ofisi nilisugua mikono kwa sabuni ya kufulia hadi ngozi ikawaka. Nilitaka kujua jambo moja: nikiwa sina harufu ile, mume wangu atanipokea?

Nilimkuta ameketi karibu na taa, shati wazi kifuani. Hakugeuka. Aliinua pua tu, akanusa, kisha akakunja uso.

"Nani?"

"Mimi. Mkeo."

Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Kisha akaweka ngumi yake kifuani, akaifunika kwa mkono wa pili.

"Polepole, mama," alininong'oneza. "Mke wangu amelala."

Katikati ya vidole vyake niliona kipira.

Niliogopa. Na aibu gani hii, niliona wivu pia. Wivu wa kipira!

Mzee wa stoo bado ananigombeza kuhusu glovu. Naziacha pale pale stoo, nashika vipira kwa mkono mtupu. Nampenda mume wangu, na bila harufu ile hanifungulii mlango.