Umeme wa Magari Yasiyokuja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lydie alimpelekea baba yake chai na kipande cha kwanga, ule mkate wa muhogo, kisha akashika fagio. Alifagia majani, akafukuza mbuzi waliolala kivulini, akapangusa vumbi kwenye nguzo mbili nyeupe zenye nyaya nene. Hizo zilikuwa nguzo za kuchajia magari ya umeme, hapo Makiso, katikati ya mji wa Kisangani. Magari yenyewe yalikuwa wapi? Hapo ndipo penye maneno.

Kisangani ni mji wa pikipiki na wa toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria. Gari la umeme lilionekana mara moja tu, siku ya ufunguzi. Lilishushwa kutoka kwenye meli, likachajiwa, wakubwa wakapiga makofi na kunywa soda, kisha likapakiwa tena melini likaenda zake. Tangu siku hiyo wateja wa kituo walikuwa mbuzi, pamoja na watu wanaojikinga mvua. Juu ya paa, paneli za jua ziliendelea kukusanya umeme kutwa nzima. Betri zilijaa pomoni, na nyumba zote za jirani zikawasha mishumaa. Ukimsimulia mtu wa mbali atadhani unamtania.

Baba yake Lydie, Papa Augustin, alikuwa mlinzi wa kituo hicho. Zamani alibeba magunia bandarini mpaka mgongo ukamchoka. Alipopata kazi ya ulinzi, mkewe, Mama Fanny, alishukuru Mungu kanisani mbele ya watu wote. Sasa Papa Augustin alivaa shati la bluu lililopigwa pasi, akalala nyumbani bila kulalamika maumivu, na watoto wake wote wakasoma.

Basi siku moja Bwana Hugues, msimamizi wa mradi, alipiga simu kutoka Kinshasa. Alieleza kwamba mita ya kituo ilimtumia hesabu ya umeme uliotumika, na kwamba hesabu hiyo ilikuwa imelala usingizi. Ikiendelea kulala, alisema, kituo kitang'olewa na kupelekwa mji mwingine, na mlinzi hatahitajika tena. Papa Augustin aliitikia, "Ndiyo, chef," kisha akakaa kwenye kiti chake akiitazama barabara. Zilipita pikipiki. Zikapita toleka. Likapita lori la mizigo likitoa moshi mweusi.

Kesho yake alikuja na majiko mawili ya umeme, yale tunayoita resho. Aliyaingiza ndani ya kibanda chake cha mlinzi, akayachomeka ukutani na kuyaacha yawake. Kibanda kilitumia mita ileile ya zile nguzo. Juu ya majiko hakukuwa na sufuria wala birika. Yaliwaka mekundu toka asubuhi hadi jioni, mlango umefungwa, na hesabu ikaanza kupanda. Lydie alipoyaona alicheka, akauliza wanapika nini. Baba yake alimjibu kwamba wanapikia Kinshasa namba, na kwamba maneno hayo yasivuke barabara. Lydie aliona ni ujanja mzuri. Jua ni la bure, alijiambia, nani ataumia?

Haikuchukua muda Bwana Hugues akapiga simu tena, safari hii kwa furaha, akiwasifu watu wa Kisangani kwa kupenda maendeleo.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba ndogo ya kuzalia, materinite ya mtaa. Muuguzi wake aliitwa Mama Germaine, mwanamke wa maneno machache. Kwenye kona ya chumba chake kulikuwa na kuvezi, lile sanduku la kioo linalowapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Aliletewa sanduku hilo kama zawadi na wafadhili ambao hawakuuliza kama pale pana umeme. Alilifunika kitambaa lisiingie vumbi. Mama Germaine alikuwa akiutazama umeme wa ng'ambo kila siku, kwa hiyo alimpigia simu Bwana Hugues akamwomba waya mmoja tu. Bwana Hugues alimjibu kwa adabu kwamba haiwezekani, kwani kituo kina wateja wengi na umeme wote una kazi.

Mama Germaine alivuka barabara akamwuliza Papa Augustin wateja hao wako wapi, maana yeye hawaoni. Papa Augustin alitazama viatu vyake, akasema wanakuja alfajiri sana, kabla hajafika kazini. Lydie alikuwa pale, ameshika fagio. Alisikia kila neno, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Wiki hiyohiyo Nadège, rafiki yake Lydie wa dawati moja, alichelewa shuleni. Mama yake, Mama Falonne, aliyekuwa akinunua samaki huko Yanonge na kuwauza sokoni, alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Alijifungua mtoto wa kike katika materinite ya Mama Germaine. Walimwita Émilie. Nadège alisema ni mdogo, anaweza kulala ndani ya kapu la mboga na nafasi ikabaki. Kwa kuwa kuvezi halikuwaka, mama alimfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na alipochoka bibi akampokea. Lakini ulikuwa msimu wa mvua. Chumba kilikuwa na baridi, paa likivuja, na mama mwenyewe alikuwa na homa.

Siku hiyo Lydie alipopita kituoni alifungua mlango wa kibanda. Joto lilimpiga usoni. Alikaa pale kizingitini akiyaangalia majiko, na safari hii hakucheka.

"Papa, tuzime resho," alisema. "Mama Germaine apewe waya. Mutoto wa kwao Nadège iko na baridi."

Papa Augustin alitikisa kichwa. "Mutu wa waya akiingia ataona resho. Nikizima, Kinshasa wataona hakuna gari, kuvezi inakula umeme kidogo tu. Wakiona vile, mi niko inje. Utakula nini? Minerval ya shule nani atalipa? Mutoto iko na mama yake, Lydie. Mama yake iko anamupa joto."

Lydie akanyamaza. Msomaji, usimhukumu upesi. Njaa ukiijua, huingia kichwani kabla haijafika tumboni. Alinyamaza siku hiyo, akanyamaza na siku iliyofuata, na kila alipokaa dawatini karibu na Nadège aliinamisha uso. Nadège alidhani rafiki yake anamhurumia, akamshika mkono. Lydie aliona haya mpaka machozi yakamlengalenga.

Siku moja wakati wa mapumziko Nadège alisema miguu ya Émilie imekuwa ya baridi na ameacha kunyonya. Saa za masomo zilizobaki Lydie hakusikia hata neno moja la mwalimu. Kengele ilipolia hakwenda kituoni. Aliingia materinite, akamkuta Mama Germaine akiosha vyombo vyake, akamwambia yote: majiko, mita, na ile habari ya wateja wa alfajiri.

Mama Germaine hakupiga kelele. Alifuta mikono, akavuka barabara ndani ya manyunyu ya mvua, akasukuma mlango wa kibanda. Alisimama pale, joto likimpanda usoni. Papa Augustin alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Augustin," alisema, "joto hii yote ulikuwa unamupa nani?"

 Papa Augustin aliinama akachomoa majiko na kuyatupa nje kwenye matope. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, alikimbia ng'ambo. Akisaidiwa na waendesha toleka wawili, alilibeba lile kuvezi hadi kibandani. Walilichomeka. Taa ndogo ya kijani iliwaka, na bibi yake Nadège akapiga ishara ya msalaba. Wakamlaza Émilie ndani. Kufikia jioni miguu yake ilikuwa imeanza kupata joto, na Mama Falonne alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue. Lydie alirudi nyumbani akiomba njia nzima.

Kesho yake kabla ya mchana Émilie alifariki.

Papa Augustin alimwuliza Mama Germaine, mbele ya mkewe na Lydie, kama yeye ndiye aliyemwua. Hakuwa akitafuta faraja, alitaka kujua.

"Alizaliwa mapema sana," alijibu Mama Germaine. "Sisemi angepona. Pengine angekufa hata hivyo. Lakini alikuwa na nafasi moja tu, bon, na hiyo nafasi ilikuwa ndani ya kibanda yako na mulango imefungwa."

Baada ya mazishi Papa Augustin alimpigia simu Bwana Hugues, akamsimulia kila kitu bila kujitetea.  Bwana Hugues alisema kwamba na yeye alikuwa amezipeleka zile namba kwa wakubwa wake kwa majivuno, kwa kuwa zilimfurahisha, wala hakuuliza zimetoka wapi. Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Mafundi walishuka kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, wakang'oa zile nguzo mbili na kuzifunga kwenye makaratasi. Papa Augustin alivua shati la bluu akawakabidhi.

Mafundi walipotaka kushusha na paneli za kibanda, Mama Germaine alisimama mlangoni akawaambia watamtoa hapo kwa nguvu. Simu zilipigwa huku na huku. Mwisho Bwana Hugues akaamua paneli za kibanda na betri moja zibaki, zitumiwe na materinite. Basi, tatizo la kuvezi likawa limekwisha, kama unataka kuita hivyo. Linawaka mpaka leo, na lina taa moja ya ziada ya kumsaidia muuguzi. Mama Falonne hapiti njia ile tena akienda sokoni. Anazunguka mbali, na beseni lake la samaki kichwani.

Lydie alikuwa na jambo moja lililobaki, na hakuna mtu mwingine angeweza kulifanya. Alimwambia Nadège kwamba alijua. Alijua tangu mwanzo, na alinyamaza hata baada ya Émilie kuzaliwa.

"Nilipokushika mukono," Nadège aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nadège alichukua mfuko wake wa vitabu akahamia benchi la nyuma kabisa. 

Jioni Lydie alimfuata baba yake bandarini. Papa Augustin alikuwa amerudia kubeba magunia, mgongo umepinda, suruali imejaa unga wa muhogo. Lydie alilia, akasema ameshasema ukweli wote na bado hakuna kilichopona. Alitaka kuambiwa kwamba yatapita.

Papa Augustin hakumwambia hivyo. Alikaa juu ya gunia, akamkalisha karibu.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Usiamini sana. Yangu ilikuwa ndefu, ilivuka barabara ikafika mpaka kwenye kitanda ya mutoto wa watu. Nilidhani nadanganya mashine. Hakuna mutu anadanganya mashine, Lydie. Nyuma ya ile mashine kuna mutu, na wewe humuoni. Na ukweli, ukichelewa, unafika tu. Haurudishi kitu."

"Sasa nifanye nini, papa?"

"Kesho umusalimie. Asipoitika, umusalimie kesho kutwa. Usimwombe akusamehe kila siku, utamuchokesha. Umusalimie tu. Ile ndiyo kazi imebaki, na ni ngumu kuliko hii ya magunia."

Asubuhi iliyofuata Lydie alifika shuleni mapema, akasimama mlangoni mwa darasa. Nadège alikuja akitazama chini.

"Mbote, Nadège."

Nadège alipita kama hakusikia, akaenda kukaa nyuma. Lydie alikwenda dawatini kwake, penye nafasi tupu ubavuni, akafungua kitabu. Kesho yake alisimama tena mlangoni, akamsalimia.