Taya Lililoyeyuka Sufuriani

Kila alipotoka shule, Kiherehere alimkuta mama yake chumba cha nyuma akisafisha mafuvu ya wanyama kwa ajili ya chuo. Liliwahi kuletwa la tembo. Nasikia halikupita mlangoni, nyumba ndiyo ikasogea. Yote yalichemshwa, nyama ikatoka, mfupa ukang'aa.

Siku hiyo mama alikuwa amekwenda dukani. Mezani palikuwa na taya la papa wa kina kirefu, la pekee. Profesa angelifuata jioni ili achunguze papa huyo ni wa ukoo gani.

"Usiliguse," mama alikuwa ameagiza.

Lakini Kiherehere hakupewa jina hilo bure. Akalitia sufuriani kama fuvu lolote, ili mama akirudi apumzike.

Baadaye akafunua. Taya lilikuwa uji! Meno yamezama chini kama kokoto. Akajaribu kulishika, likamponyoka vidoleni. Mama angefukuzwa kazi. Wangekula nini? Alilia hadi kwikwi.

"Weka lile kuukuu la papa chui lililo rafuni," alinong'ona kaka yake, aliyekuja mbio aliposikia kilio. "Papa ni papa tu. Nani atajua?"

Kiherehere akalifungia kwenye boksi. Mara mama akaingia na profesa.

"Kazi yangu hiyo, Profesa. Beba bila wasiwasi," mama alisema kwa fahari.

Profesa alishafika mlangoni. Kiherehere akamkimbilia.

"Silo! Hilo ni la papa chui!" akapiga kelele. "Nimelichemsha! Mama hana kosa!"

Mama alikaa chini palepale. Profesa alichungulia sufuria. Kisha akaomba chujio, akayaopoa meno.

"Papa hana mfupa hata mmoja, binti. Ni gegedu tupu, ndiyo maana limeyeyuka. Taya ndiyo basi tena. Ila tazama meno: membamba, makali yake laini, na vijino pembeni. Ya papa chui yana makali kama msumeno. Huyu wetu ni jamaa wa mbali wa papa mweupe. Meno yameniokoa." Akamgeukia mama. "Kazi yako ipo."

Mama alifuta machozi. "Mwanangu, angefungua boksi kule chuoni, angeniita mwizi. Taya limekwenda, lakini ukweli wako umeniachia heshima yangu. Haya, shika sikio lako. Lakunjika?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo ndiyo gegedu. Siku ukitamani kuchemsha nisichokutuma, anza na hilo."