Zamu ya Kujibu

Anayetaka kuisikia habari hii asogee karibu, maana sina mpango wa kupaza sauti. Na asinibishie. Mlango wa chumba kile niliushikilia mimi, kwa mgongo huu huu, wakati watu wenye digrii zao wanatafuta dirisha la kutokea.

Kilianza kikohozi.

Jirani yangu ni fundi cherehani, na binti yake mtaa mzima ulimwita Msomi. Alikuwa anachukua shahada ya pili katika fasihi ya kisasa ya Kiingereza na utamaduni wa wenyewe, na tasnifu yake ilihusu riwaya ambazo Waingereza waliandika baada ya vita vyao vikubwa, zile ambazo wafu ndani yake hawakubali kunyamaza. Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha, lakini alinieleza mpaka nikashika. Nikamwambia, kama ni lazima kujuana na wafu, heri wa kwetu, angalau wanamfahamu mama yako. Akacheka. Mama yake hakucheka.

Profesa aliyemsimamia alikuwa na sheria yake moja: humchambui mwandishi mpaka umsome kwa sauti, umwachie mdomo wako autumie. Wanafunzi wake wote ungewajua barabarani kwa jinsi walivyotembea wakijisemea. Msomi, ambaye hapendi kufanya jambo nusu, akaongeza la kwake. Riwaya zile zimejaa mazungumzo ya watu wawili, basi yeye akawa anasoma maneno ya mmoja tu. Zamu ya yule mwingine ikifika, ananyamaza, anavuta pumzi, anampa nafasi, ndipo anaendelea. Alitaka kuusikia uzito wa lisilosemwa, ndivyo alivyoniambia. Alijirekodi kwa simu, halafu alijisikiliza huku anamsaidia mama kushona vifungo vya sare za shule.

Mchana mmoja simu ilikuwa juu ya meza ya kukatia nguo. Zamu ya kimya ikafika, na ndani ya kimya kile mtu akakohoa. Kikohozi cha adabu, cha mgeni aliyesimama mlangoni akisubiri aonekane.

"Mama, ni wewe?"

"Mimi nina pini mdomoni," mama akasema kwa pembeni ya midomo. "Nikikohoa nazimeza."

Kesho yake kimya kile kilikuwa na neno. Keshokutwa kilikuwa na sentensi nzima.

Hapo mimi na wewe tungekimbia tukiacha viatu. Msomi hakukimbia, na msimlaumu. Sura ya tatu ilikuwa imemkwama muda mrefu, chuo kimekwisha kumwandikia kwamba asipowasilisha muhula ule anafutwa, na mama yake alikuwa anapinda mgongo juu ya cherehani kwa ajili ya sura ile. Sasa sauti ilikuwa inamjibu kwa Kiingereza cha kuteleza kama hariri, inamweleza watu wale walivyoishi, walivyonywa, walivyoficha vilio vyao nyuma ya magazeti. Akaandika. Profesa akasoma, akampigia simu mwenyewe, akamwambia sasa ndiyo anaandika.

Nyumba ikaanza kunuka. Haikuwa harufu ya uozo, la. Ilinuka koti zito la sufu lililonyeshewa, na moshi wa makaa ya mawe, vitu ambavyo mle ndani havijawahi kuingia. Mama akawa anasimamisha cherehani ghafla ili asikie. Nyuma ya pazia walikuwa wanazungumza wawili. Akimwita bintiye anaambiwa ni simu, na simu ile anaiona yeye mwenyewe, iko mezani, imezimwa.

Kisha maneno yakaanza kumpungukia mtoto. Aliomba chumvi kwa kuonyesha kidole. Mkasi akauita "kile." Mama akadhani ni uchovu. Siku nyingine akaamka, mama akamwuliza kalalaje, na binti akamjibu kwa Kiingereza. Mama, ambaye Kiingereza chake chote kinaishia kwenye lebo za nguo, akadhani anaringiwa.

"Mimi ndiye wa kunifanyia hivyo?" akasema polepole. "Hata kama nimekusomesha kwa uzi na sindano, mwanangu, mimi ndiye?"

Msomi akafungua mdomo amwombe radhi, kikatoka Kiingereza. Akajaribu tena, kikatoka kingine, kirefu zaidi, kitamu zaidi, na machozi yanamtiririka hadi kidevuni, na mikono yake imeikamata mikono ya mama kama mtu anayezama, na mdomo wake, Mungu apishe mbali, mdomo wake unatabasamu.

Mtaani waliona kichekesho. Kiingereza kimempanda kichwani, walisema, kisubirini kishuke. Mimi ndiye niliyemfuata Profesa. Akaja na mkoba wake na maelezo yake kuhusu uchovu wa akili, akaketi mbele ya mwanafunzi wake, akamuuliza swali. Alipojibiwa, mkoba ukamdondoka.

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Hapana," Profesa akanong'ona. "Si anachosema. Huyu si yeye. Watu wanaozungumza hivi wamekwisha kufa."

Tukamleta mganga, mama mmoja mpana, mwenye sauti ya mchanga, aliyesifika kuwa hakuna jini lililowahi kumzidi maneno. Ilikuwa mchana, jua limewaka, mapazia tumeyashusha. Akafukiza ubani. Akaamuru kwa Kiswahili, akaamuru kwa Kiarabu, akatisha, akabembeleza. Kile kitu kilichokaa katika uso wa Msomi kikamtazama kwa upole tu, kichwa kimeinama kidogo.

Mganga akajifuta jasho. "Halinisikii," akasema. "Nawezaje kulifukuza jini ambalo halijui ninamwambia nani atoke? Nani hapa ana lugha yake?"

Sote tukamtazama Profesa.

Nimeshuhudia mengi, nimewahi kumtoa chatu kisimani kwa mkono mmoja, lakini sijaona mtu mzima akiwa na hofu kama aliyokuwa nayo yule bwana alipoambiwa afasiri. Mganga anauliza kwa ukali, Profesa anauliza kwa Kiingereza na sauti imemkatika, jini linajibu bila haraka, na Profesa anaturudishia kwa Kiswahili huku akitazama sakafu: kwamba halikuvamia; kwamba lilikuwa linapita kwenye baridi, likasikia mtu anasema kisha ananyamaza ili ajibiwe, siku baada ya siku, kwa heshima kubwa; kwamba kwao anayepewa zamu ya kusema amekaribishwa ndani; kwamba linasikitika kwa usumbufu. Harufu ya sufu mbichi ikawa nzito kuliko ubani, kuta zikaanza kutoka jasho, mlango niliouegemea ukawa baridi mgongoni kwangu kama jiwe la mtoni na kitu upande wa pili kikaanza kuusukuma, taratibu, bila hasira, kama watu wengi wanaosubiri kwenye foleni, na Msomi palepale kitini alikuwa anakonda mbele ya macho yetu, midomo imempasuka, na bado maneno yanamtoka, mazuri, yaliyopangwa, hayana mwisho.

"Mwulize anataka nini aondoke," mganga akasema.

Profesa akauliza. Likajibu. Profesa akageukia dirisha.

"Fasiri," mganga akamwamuru.

"Anasema huyu binti anakaribia kuisha. Anasema hawezi kurudi kwenye baridi. Ataondoka akipewa mdomo mwingine. Uwe umetolewa kwa hiari."

Mama akainuka. Pini zilikuwa bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake.

"Mwambie aje kwangu."

Mganga akamshika mkono. Akamwambia Profesa asilifasiri neno lile, hata kwa dawa; jini lisilotolewa leo litatolewa kesho, lakini lililokaribishwa na mama mwenye nyumba halitoki. Mama hakubishana naye. Alimfuata Profesa, akaikamata kola yake kwa vidole vile vya kushona, akamvuta hadi nyuso zao zikakaribiana.

"Mwalimu. Ulimwambia mwanangu aachie mdomo, akaachia. Mimi sina shule, lakini wangu ni wangu. Fasiri."

"Mama, mimi siwezi kuwa mtu wa—"

"Mtazame alivyo. Kesho ipi anayoisema mganga? Fasiri."

Profesa alifasiri. Kwa sauti ndogo sana, lakini lilisikia.

Kilichokuwa kikisukuma mlango kikaacha. Ubani ukanukia tena kama ubani. Msomi akashusha pumzi ndefu, akaangalia mikono yake, halafu akasema kwa Kiswahili safi, kwa ile sauti yake ya kukwaruza niliyoijua tangu akiwa mchanga, kwamba ana kiu. Nikalia, na sioni aibu. Profesa alikuwa amepiga magoti. Mganga peke yake hakufurahi. Alikuwa anakusanya vitu vyake upesi, na hakumtazama mtu.

Mama alikuwa ametupa mgongo, amesimama kwenye cherehani yake, anaipapasa kama mtu anayeona chombo kigeni.

"Mama," Msomi akaita. "Mama, nimerudi."

Yule mama akageuka. Akatabasamu, kichwa kimeinama kidogo, akasema maneno machache. Yalikuwa Kiingereza, mororo kama hariri.

Profesa akaziba masikio. Mimi sikuelewa kitu, kwa hiyo nilimwuliza Msomi, nikiwa bado nimeegemea mlango, mama amesema nini.

"Anasema mama ametoka," akanong'ona. "Anauliza kama ningependa kumwachia ujumbe."