Mafuta ya Maganda ya Olkiloriti

Siku ya soko la mbuzi Kitengela, mwaka wa 2007, Kavata alikuwa anapita na ndoo ya maganda ya olkiloriti, ule mti wa miiba ambao Wamaasai huchemsha kwa supu. Ndoo ikagonga kijana mmoja goti. Alikuwa mrefu, shuka nyekundu, kofia pana. Alikuwa na ualbino, na jua lilikuwa limembambua pua.

"Pole."

"Supu ni ya nani, siste?"

"Si supu. Nasoma kemia college. Napika mafuta ya jua."

"Yangu ya duka mbuzi wanachukia. Nikiosha uso kwa maji yao, hawanywi."

Kavata alicheka. "Yangu ni zinki, nta ya nyuki na haya maganda. Yana antioxidants, zinasaidia ngozi jua likishaipiga. Sioni mbuzi wakikataa."

"Ukinidanganya nitakuletea wote kwa nyumba."

Huyo alikuwa Koinet wa Kajiado. Walipeana namba, na jioni simu ikaanza kulia kwa chumba cha Kavata, Noonkopir.

"Mpishi wangu, umekula?"

"Nimekula, mtu wa mbuzi. Acha kumaliza kredo."

Kila siku ya soko Kavata alimpaka mafuta mikononi polepole, na hakuna aliyekuwa na haraka. Lakini alitaka kujua kama maganda yanafanya kazi kweli. Mkono wa kulia akaupaka mafuta yenye maganda, wa kushoto yasiyo na maganda. Hakumwambia. Kushoto kukaungua mpaka malengelenge. Lorna, aliyekuwa anaishi na Kavata, akaropoka mbele ya Koinet, "Kwani si huo ndio hauna dawa?"

Koinet alipiga simu mara moja tu. "Kumbe mimi ni panya wa lab."

"Mpenzi, ngoja nikuambie."

Alikata. Baadaye simu ikawa imezimwa.

Jumamosi Kavata alivaa gauni yake ya manjano akaenda Kajiado. Alimkuta Koinet kwa kivuli cha nyumba, anakunywa chai na mama yake. Kavata aliinamisha kichwa kwa heshima, mama akamgusa utosini.

"Takwenya," mama alimsalimu Kimaasai.

"Iko," Kavata aliitikia. Akamgeukia Koinet. "Nilikosea. Niliogopa ukijua utakataa."

"Ningekataa."

"Ungekataa basi. Ni ngozi yako."

Koinet aliutazama mkono wake wa kushoto. "Kwani yanafanya kazi?"

"Sijui bado. Mkono mmoja hauwezi kunipa jibu. Kunikosesha wewe, huo unaweza."

"Na utaendelea kupika?"

"Ukija, nitapika. Usipokuja, nitapika."

Alitabasamu kidogo. "Mama anauliza wewe ni nani hapa."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia akuulize."

Kavata alimgeukia mama. "Mama, nataka kuwa bibi ya Koinet. Akikataa, nitarudi kesho niulize tena."

Koinet alimtafsiria mama. Wakaongea Kimaasai, mama akainuka akaingia ndani.

"Amesema nini?"

"Amesema kesho tuko kanisa, heri nikujibu leo."

"Na wewe?"

"Nimeshajibu. Ameenda kukutafutia kikombe."