Bata wa Mama Kavuo Hana Kosa

Katika mji mzima wa Butembo, hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na kazi kama ya Bénite. Wenzake wa miaka kumi na miwili walichota maji, walichunga wadogo zao, walipepeta maharagi. Bénite naye alifanya hayo yote, lakini kila Ijumaa akitoka shuleni alikuwa na kazi moja zaidi: kuyapa manyoya mvuke.

Baba yake, Papa Kitsa, mchana alikuwa seremala. Viti vyake vilisifiwa sana. Watu walisema ukikisukuma kiti cha Kitsa kutoka juu ya kilima, kitabingirika mpaka mji jirani wa Beni na kufika kimesimama kwa miguu yote minne. Jioni aliweka randa chini, akashika raketi, akawa kapteni wa timu ya wanaume ya badminton ya Butembo.

Mchezo huo hauna mpira. Una volan, yaani kikoki, kizibo kidogo cha mviringo kilichopandwa manyoya kumi na sita ya bata bukini. Volan nzuri zilitoka mbali, zikapitia mpakani Kasindi juu ya malori, na wakati wa kiangazi manyoya yake yalikauka na kuvunjika kwa pigo la kwanza. Ndiyo maana yalihitaji mvuke. Papa Kitsa alikuwa amemfundisha Bénite vizuri: fungua kopo la volan juu na chini, lishike juu ya mdomo wa birika, hesabu mpaka sitini, funga.

"Sitini, hapana sitini na moja," alisema kila mara. "Manyoya ni kama mutoto muchanga. Unamuogesha, haumupike."

Ijumaa hiyo haikuwa kama nyingine. Kesho yake timu ilikuwa inashuka Beni kwa mechi za mchujo za kanda. Washindi wangesonga mbele kuelekea mashindano ya kimataifa ya timu za wanaume. Kila timu ilitakiwa kuleta kopo moja la volan mpya kumi na mbili. Kopo la Butembo lilikuwa limekaa kabatini tangu Pasaka, kati ya koti la harusi la Papa Kitsa na kitabu cha nyimbo, na hakuna aliyeruhusiwa hata kulipigia chafya.

Mama yake, Marie-Jeanne, alikuwa amekwenda kwaya. Sufuria ya maharagi ilichemka jikoni. Bénite alikuwa anatafuta birika aliposikia sauti ya rafiki yake Elsa kwenye ua.

"Bénite! Njoo kwa kamba! Tunakosa mutu mumoja!"

"Niko na kazi."

"Kazi gani? Ya kuogesha manyoya? Mais wewe, utazeeka ukiogesha manyoya!"

Wasichana wengine wakacheka. Bénite akatazama birika, lililokuwa tupu na baridi. Akatazama sufuria ya maharagi, iliyokuwa inatoa mvuke kama lori linalopanda mlima. Mvuke si mvuke tu? Akatoa kifuniko, akalaza vijiti viwili juu ya sufuria, akalitoa kopo kabatini, akalifungua juu na chini, akalisimamisha juu ya vijiti. "Nitahesabu sitini nikiruka kamba," akajiambia, akatoka mbio.

Na kweli alihesabu. Lakini siku hiyo miguu yake ilikataa kukosea. Sitini ikapita, mia ikapita, mia tatu ikapita. Alifika mia nne na kumi na mbili, na kama si mama mmoja aliyekatiza na beseni la mikate kichwani, angekuwa anaruka mpaka leo.

Aliporudi jikoni, vijiti vilikuwa vimeteleza. Kopo lilikuwa limezama kichwa chini ndani ya maharagi.

Volan nne zilizobaki juu ya mchuzi zilipona. Nane zilitoka zimenyong'onyea kama kuku walionyeshewa. Gundi ilikuwa imeyeyuka; ukivuta kikoki, manyoya yanabaki sufuriani. Papa atasema nini?

Hakungoja kujua. Alikimbilia karakana, akachukua volan nane za watoto wa mtaa, zile ambazo baba yake alitengeneza kwa vikoki vya zamani na manyoya ya bata wa jirani yao, Mama Kavuo. Akatafuta kopo la mwaka uliopita. Chini akatia nane za bata, juu akapanga nne nzuri. Zile zilizopikwa akazifukia chini ya rundo la vumbi la mbao.

Jioni walipokuwa wanakula, Papa Kitsa alitoa unyoya mdomoni, akauinua mbele ya macho yake.

"Marie-Jeanne, maharagi haya yalikuwa yanataka kuruka?"

"Mimi nilikuwa kwaya," alisema Mama. "Bénite ndiye alibaki."

"Ni bata wa Mama Kavuo," Bénite alijibu upesi. "Aliingia jikoni."

Hakuna aliyeshangaa. Dume hilo, jina lake Komanda, lilikuwa na sifa zake. Siku moja lilifukuza pikipiki yenye abiria wawili na gunia la mihogo, likaipandisha kilima chote, na dereva aliapa kwamba tangu siku hiyo injini yake ilipata nguvu mpya. Papa Kitsa akaenda uani kuzungumza na jirani. Mama Kavuo aliona haya sana, akamfunga Komanda mguu kwa kamba kwenye mti wa parachichi.

"Na volan ziko tayari?" Papa aliuliza aliporudi.

"Ziko tayari, papa."

"Basi kesho utakuja na sisi Beni. Kazi yako inastahili."

Maneno hayo yalimchoma kuliko fimbo.

Asubuhi, walipopita uani na mifuko yao, Komanda alimtazama Bénite kwa jicho moja. Bénite akageuza uso. Ndani ya basi dogo, Papa alimwekea kopo mapajani. Wachezaji waliimba, wakataniana, wakala ndizi. Yeye alilishika kopo kama mtu aliyeshika chungu chenye nyoka.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani cha kuingia Beni, askari alilinyooshea kopo kidole. "Eloko nini oyo? Kitu gani hiki?"

"Volan, chef," alisema Papa Kitsa. "Za kucheza."

Askari akalifungua, akatoa ile ya juu kabisa, akaigeuza, akainusa. Akainusa tena.

"Lakini hii inanuka maharagi!"

Basi zima lilicheka. Zorobabel, kijana mdogo kuliko wote kwenye timu, alisema, "Chef, sisi watu wa Butembo tunatembea na chakula!" Hata askari akacheka, akawaacha wapite. Bénite peke yake hakucheka.

Ukumbi ulikuwa katika komini, yaani kata, ya Beu, karibu na soko. Watu walikuwa wamejaa mpaka madirishani. Mwamuzi alikuwa mwalimu mmoja aliyeitwa Mama Jokébed, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Aliwaita makapteni wawili mezani: Papa Kitsa wa Butembo na Abdias wa Beni, mtu mrefu aliyelazimika kuinama mlangoni. Makopo mawili yalisimama mbele yao.

"Sikieni vizuri," alisema Mama Jokébed. "Karatasi hii inasema volan za timu yenu zote ni mpya na za aina moja. Kapteni anatia signature. Kisha ninafungua kopo. Nikikuta udanganyifu, timu inarudi nyumbani na kapteni hachezi miaka miwili. Tunaelewana?"

"Tunaelewana," walisema wote wawili.

Papa Kitsa alichukua kalamu. Hakulitazama kopo. Kwa nini alitazame? Alikuwa amemwamini aliyelitayarisha. Kalamu ikagoma kuandika. Akaipiga kwenye kiganja, akaijaribu pembeni ya karatasi. Bénite aliona jina linaanza: K, i...

"Papa, ngoja! Usitie signature!"

Watu wote waligeuka. Bénite alijikuta mbele ya meza, na hakujua miguu yake imefikaje.

"Volan nzuri ni nne tu," alisema, machozi yakimtoka. "Nane niliziangusha ndani ya maharagi. Niliziweka kwa mvuke wa sufuria nikaenda kuruka kamba. Zile za chini ni za manyoya ya bata. Papa hajui kitu. Na bata... bata hakuingia jikoni. Nilimusingizia."

Papa Kitsa aliweka kalamu chini polepole. Alimtazama binti yake, akalitazama lile jina lisilomalizika. Akamgeukia mwamuzi.

"Mama, umesikia. Tuna volan nne. Sina ingine ya kukuletea. Amua wewe."

Bénite aliinamisha kichwa akingoja kusikia kwamba safari imekwisha. Badala yake akasikia mtu anakohoa. Alikuwa Abdias, kapteni wa Beni. Alikuwa anajikuna kisogo kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Donc... Mama Jokébed," alisema, "kabla ya kuamua, fungua na letu."

Mama Jokébed alivaa miwani, akafungua kopo la Beni. Volan sita zilikuwa mpya. Sita zilikuwa zimechakaa, mbili kati yake hazikuwa na manyoya ya kutosha kufunika yai.

"Tulisema tujaribu moja tu kwa mazoezi," alieleza Abdias, sauti imekuwa ndogo kuliko mwili wake. "Kesho yake moja tena. Nilitaka kutia signature nikiomba Mungu tusifike za chini. Sasa mutoto mudogo anasema ukweli mbele ya watu, na mimi mutu muzima ninanyamaza? Hapana."

Mama Jokébed aliwatazama makapteni wote wawili juu ya miwani, kwa muda mrefu, jinsi walimu wanavyojua kutazama.

"Kumbe kama si huyu mutoto, leo ningepokea karatasi mbili za uongo kwa meza moja! Lakini hakuna aliyetia signature. Basi hakuna aliyedanganya. Nne na sita ni kumi. Mechi ni tano. Kila mechi volan mbili. Ikivunjika, mtacheza nayo hivyo hivyo. Mnakubali?"

"Tunakubali!" walijibu kwa pamoja, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Bénite alishusha pumzi aliyoibeba tangu Ijumaa.

Beni haijawahi kuona mchezo wa adabu kama ule. Wanaume ambao kwa kawaida hupiga kama wanaua nyoka, siku hiyo walipiga kama wanamwamsha mtoto. Volan ikianguka, wachezaji wa pande zote mbili waliikimbilia kuipangusa. Mpaka mechi ya tano, kila timu ilikuwa imeshinda mbili. Volan ya mwisho ilibaki na manyoya saba, ikaruka kama mlevi anayetafuta mlango wake. Abdias alimshinda Papa Kitsa kwa pointi ishirini na moja kwa kumi na tisa.

Butembo walikuwa wameshindwa. Lakini sheria ilimruhusu mshindi kuchukua wachezaji wawili wa upande wa pili ili kuimarisha timu ya kanda. Abdias hakufikiri mara mbili.

"Ninamuchukua yule kijana Zorobabel, ana mbio. Na ninamuchukua Kitsa. Aliambiwa ukweli mubaya mbele ya watu, na hakumupigia mutoto kelele. Mutu kama huyo ninataka asimame karibu yangu."

Njiani kurudi Bénite alikaa karibu na baba yake. Walipokuwa wanapanda mlima wa Kabasha, na hewa ya baridi ilipoanza kuingia dirishani, baba yake alisema:

"Bénite, kuangusha volan ni ajali ya uzembe. Hata mimi nilishapasua ubao wa mutu. Hiyo tungeisema jana na kutafuta volan zingine. Uliponificha, ulichukua jina langu ukalitia ndani ya kopo bila kuniuliza. Umelitoa kwa wakati. Ninashukuru. Sasa kazi ukiharibu, unakuja kusema siku ile ile, hata kama unatetemeka. Tumeelewana?"

"Ndiyo, papa."

"Na kuna mutu mwingine anangoja neno lako. Mutu mwenye mabawa."

Kulikuwa bado na mwanga walipofika. Bénite alikwenda moja kwa moja kwa Mama Kavuo, akamweleza yote, tangu kamba mpaka unyoya. Mama Kavuo alimsikiliza, mikono kiunoni.

"Hasara ya maharagi ni yenu," alisema. "Mais bata wangu amelala na kamba mguuni kwa kosa asilolijua. Kabla ya kumutaja mutu, hata bata, fikiri kwanza atakayefungwa. Enda umufungue mwenyewe."

Bénite alipiga magoti chini ya mti wa parachichi, akafungua fundo. "Nisamehe, Komanda."

Komanda alinyoosha mabawa, akamtazama kwa jicho moja, kisha kwa lingine, akamuuma kifundo cha mguu, akaondoka zake kwa maringo.

"Wasingya, asante Mungu," alisema Mama Kavuo, akicheka mpaka machozi. "Amekusamehe. Angekuwa bado na hasira, angekufukuza mpaka Beni."