Mnywaji wa Chupa Nyeupe

Chupa ya mafuta ya kulishia mgonjwa kwa mshipa iliisha kabla ya saa yake. Zipora, muuguzi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya misheni nje ya Njombe, alidhani amekosea kuhesabu matone. Akatundika nyingine. Nayo ikaisha upesi vilevile, na mrija haukuvuja.

Mgonjwa alikuwa Rukaya, mke wa Abasi, muuza mitumba wa Makambako. Alikuwa amekatwa utumbo, na kwa siku tisa hakuwa ameonja kitu; alilishwa kwa mshipa. Ilikuwa miaka ya tisini, biashara imefunguliwa, na Abasi aliziagiza chupa hizo Dar es Salaam. Daktari Romanus alizipangia vipimo kwa uangalifu: sukari ya kumpa nguvu, protini ya kufunga kidonda, mafuta meupe kama maziwa asikonde. Kimoja kikizidi au kupungua, alisema, mwili mzima huyumba.

Hata hivyo Rukaya alikonda. Romanus akapima mkojo, akabadili vipimo, akaongeza mafuta. Mgonjwa akabaki mifupa.

Siku ya kumi, adhuhuri, ukungu umeziba madirisha, Zipora alisikia mtu akimeza. Funda moja, kisha jingine, na harufu ya udi ikajaa wodi iliyozoea kunuka dawa, na alipogeuka akaona mafuta yakishuka mrijani mfululizo kama maji ya bomba, ilhali midomo ya Rukaya imefumbwa na koo lake limetulia, na kumeza kule kunatoka chini ya kitanda, pasipokuwa na kitu ila ndara za mgonjwa.

Bi Somoe, shangazi yake Rukaya aliyekuwa akimuuguza, hakushtuka. Alimweleza Zipora kwa sauti ya chini kuwa ukoo wao una jini wa kurithiwa, walitoka naye Kilwa, na hula kupitia kinywa cha mwenyeji wake. Kinywa kimefungwa, amefuata mshipa.

"Sista, funga mlango," akanong'ona. Kisha akainama chini ya kitanda. "Mwache mwanangu. Mimi bado nakula. Njoo kwangu."

Zipora, Mlutheri wa Tandala, alishikilia kitasa akisali kwa Kikinga, lugha ya kwao. Kumeza kukakoma. Matone yakarudi, moja moja.

Baada ya wiki mbili Rukaya alikunywa uji; baada ya mwezi akatoka kwa miguu yake.

Msimu wa mahindi mabichi Zipora alipita Makambako kumsalimu Bi Somoe. Alimkuta mkekani, amekauka kama ufito, sinia la wali mbele yake limekwisha na Rukaya analeta la pili.

"Karibu, mwanangu," Bi Somoe akasema. "Ila kaa mbali kidogo. Mimi siku zangu zimekwisha, naye ameshaanza kuulizia kwingine. Wewe anakujua. Ndiwe uliyekuwa ukimpimia chakula."