Barafu Inarudi, Lakini Inafika Wapi?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kaswera alifungua friji ya mama yake na kutazama samaki. Mama yake, ambaye watu walimwita Mama Élise kwa jina la mtoto wake wa kwanza, aliuza samaki wa barafu katika soko la Bulengera, mjini Butembo. Umeme ulipokatika, barafu iliyoshika kuta za friji ilianza kudondoka tone kwa tone, na Kaswera aliwafunika samaki kwa magunia na blanketi kuukuu. Umeme uliporudi, barafu nayo ilirudi, nene na nyeupe kama jana. Kazi hiyo aliijua hata macho yakiwa bado yana usingizi.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja alimaliza kazi yake, akasugua mikono kwa limau ili asinuke samaki darasani, akashika njia ya shule. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha matope mekundu kila mahali.

Somo la mwisho siku hiyo lilikuwa jiografia. Mwalimu Ananie alichora duara mbili ubaoni.

"Huku juu kabisa ya dunia kuna bahari," alisema. "Baridi inakuwa kali mpaka maji yenyewe ya bahari yanaganda. Mwezi wa tatu barafu imetanda, tazameni duara hii. Mwezi wa tisa imeyeyuka, imebaki kidogo, tazameni ile. Halafu inaganda tena. Kila mwaka ni hivyo."

Kisha akachora mstari unaopanda na kushuka kama meno ya msumeno. "Na hapa mnaona jinsi barafu inavyopungua tangu miaka mingi."

Kaswera alikunja uso. Inapungua? Si amesema sasa hivi kwamba inaganda tena? Alitazama meno ya msumeno: yalishuka, yakapanda, yakashuka, yakapanda. Alijaribu kuyafuata kwa macho mpaka yakamchanganya kabisa.

Kengele ilikuwa karibu. Mwalimu alipangusa chaki mikononi na kuuliza, "Tumeelewana?"

"Ouiii!" darasa zima liliitika.

Ninyi mnaosoma hadithi hii mnaijua "oui" hiyo, "ndiyo" ya Kifaransa. Huitikwa kwa sauti moja, kama wimbo, na hakuna anayejali maana yake. Kaswera naye aliitika, na kwa kuwa aliketi benchi ya mbele, sauti yake ilisikika kuliko za wengine.

"Kaswera, umeelewa kweli?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Vizuri sana. Jumamosi wazazi wanakuja shuleni. Wewe ndiye utawaeleza."

Kaswera aliinua mkono. Alitaka kusema kitu, lakini kengele ililia, na watoto wakasukumana mlangoni. Nje, Zorobabel alikuwa akimngoja. Huyu mvulana wa benchi ya nyuma ulimi wake haukulala.

"Eh, Mama Barafu! Mwaka jana Sadrack alisimama mbele ya wazazi, akanyamaza kabisa. Mpaka leo tunamuita Radio Bila Pile, radio haina betri. Sasa wewe tutakuita nani?"

"Ondoka, Zorobabel! Wewe mwenyewe uliitika."

"Mi niliitika, ndiyo. Lakini mi hapana kuchaguliwa!"

Kaswera alimwuliza rafiki yake Nadège kama alielewa. "Hata moja," Nadège alisema. "Mi nilifungua tu kinywa." Nyumbani alimwuliza mama yake, aliyekuwa akipara samaki.

"Hiyo barafu, ikiyeyuka, iko narudi?" Mama Élise aliuliza.

"Inarudi, Mama. Kila mwaka."

"Basi shida iko wapi? Ni sawa frigo yangu. Courant ya umeme inaenda, courant inarudi. Mwambie mwalimu wako asisumbue kichwa." Kisha akatabasamu. "Jumamosi nitaachia jirani meza yangu ya samaki, nije kukusikia. Nimeshaambia soko muzima."

Soko zima! Kaswera alilala na mawazo. Ikiwa barafu ile ni kama ya friji, basi mwalimu amekosea. Ikiwa mwalimu hakukosea, basi yeye ataaibika mbele ya mama yake, na jina jipya litamfuata mpaka uzee.

Siku ya Alhamisi baada ya masomo, mjomba wake alimpakia kwenye pikipiki kwenda Musienene kuchukua viazi kwa Koko Jokébed, mama wa mama yake. Koko alikuwa na shamba linaloteremka mpaka kwenye kinamasi, ambacho watu wa huko hukiita marais kwa Kifaransa, na ukingoni mwake alilima kabichi wakati wa kiangazi. Lakini sasa ilikuwa majira ya mvua. Maji yalikuwa yamejaa na kung'aa katikati ya majani.

Wakiwa wanajaza viazi kwenye gunia, Kaswera aliona jambo ambalo alikuwa ameliona tangu utotoni bila kulifikiri. Mstari wa miti ulitoka karibu na njia ya miguu, ukateremka kuelekea kinamasi. Mti wa juu ulikuwa mnene, wenye kivuli. Uliofuata ulikuwa mwembamba kidogo, na uliofuata zaidi mwembamba, hivyo hivyo mpaka ndani ya maji, ambako kijiti chembamba kilitoa majani machache tu juu ya maji.

"Koko, nani alipanda miti ndani ya maji?"

Koko alicheka. "Mutu gani atapanda muti ndani ya maji, mujukuu wangu? Siku nilipanda, pale palikuwa pakavu. Kila mwaka, mwezi wa saba, wakati maji imeshuka mpaka mwisho wake, kila nyumba inachomeka tawi pale maji inasimamia, nayo inaota. Tawi ile ndiyo mpaka wa bustani ya mwaka ule. Bila vile, sisi na majirani tungerushiana majembe."

"Kwa nini hamuchomeke sasa?"

"Sasa, na hii mvua? Leo maji iko hapa, kesho iko kule. Kiangazi tunapima na kiangazi. Ukipima kiangazi na mvua, leo utalia kwamba marais imekufa, kesho utacheza kwamba imefufuka."

Kaswera aliweka kiazi chini. Alitazama mti mnene karibu na njia, kisha kile kijiti kilichozama. Kila mti ulikuwa kiangazi kimoja. Maji yalirudi kila mwaka, ndiyo, yapo hapa mbele yake. Lakini kila yalipoondoka, yaliondoka mbali zaidi.

"Na wakati wa mvua, Koko? Zamani maji yalifika wapi?"

"Ilifika kwa njia ile, tulivua viatu. Sasa hata mvua ikinyesha namna gani, haifike pale."

Kisha Kaswera akachanganyikiwa tena. Mti mmoja mfupi ulisimama nyuma ya mrefu, upande wa juu. "Na huu je? Huu ni mudogo, lakini uko nyuma!"

"Aa, mwaka ule mvua ilikataa kwisha. Maji haikushuka sana. Batu balisema, marais imepona! Mwaka uliofuata ikashuka kupita zote. Muti mumoja utakudanganya. Angalia mustari muzima."

Meno ya msumeno! Kaswera aliona ubao wa Mwalimu Ananie machoni mwake. Aliketi juu ya gunia na kusema polepole, "Koko, nilidanganya. Mwalimu aliuliza kama nimeelewa, nikasema ndiyo."

"Wewe peke yako?"

"Darasa zima."

"Eh! Batoto banaimba uongo kwa sauti moja, na mwalimu anafikiri ni kwaya!" Koko alimpangusa udongo shavuni. "Barafu ya bahari mimi siijue, nimeona tu ile ya frigo ya mama yako. Kesho uende kwa mwalimu, umwambie kweli, umuulize kama miti yangu inafanana na barafu yake."

Ijumaa asubuhi Kaswera alifanya hivyo. Mwalimu Ananie alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alisema, "Inafanana, ndiyo. Na mimi nilikimbiza somo kwa sababu ya kengele. Kesho eleza hivyo hivyo, na usilolijua usilipambe."

Jumamosi wazazi walijaa, wengine wakasimama madirishani. Kaswera alieleza duara mbili, na sauti yake ilitoka. Lakini kabla hajafika kwenye mstari, mama yake alisimama na kitambaa chake kizuri kichwani.

"Mwalimu, pardon. Kama hiyo barafu iko narudi, shida iko wapi?"

Watu walicheka. Zorobabel alitega masikio. Kaswera alichukua chaki, akachora kilima, kinamasi, na mstari wa miti ya Koko, hata ule mfupi ulio nyuma.

"Mama, frigo yako inarudisha barafu yote. Bahari ile inarudisha, lakini barafu haifiki pale ilipofika zamani. Mwezi wa tisa tunaupima na mwezi wa tisa, na mwezi wa tatu na mwezi wa tatu. Mwaka mmoja barafu inaweza kuongezeka kidogo, kama mti huu. Ila mstari mzima unateremka."

Mama Élise alisogea karibu na ubao. "Ile ni miti ya mama yangu," alisema taratibu, na hakuna aliyecheka.

Mzee mmoja aliuliza kutoka dirishani, "Basi marais yetu inakauka kwa sababu ya barafu ile?"

Kaswera alifungua kinywa. Aliona nyuso zote zikimngoja, akakifunga, kisha akasema, "Sijui, baba."

Mwalimu Ananie alisogea mbele. "Jibu hilo ni zuri. Barafu inapungua kwa kuwa joto la dunia linaongezeka, kwa moshi wa mafuta na makaa yanayochomwa kila mahali. Kinamasi chetu kinaweza kuwa na sababu zake: mitaro tuliyochimba, mikaratusi tuliyopanda, inayonywa maji mengi. Lazima tupime. Watoto, anayesema 'sijui' ameshika mlango wa kujua. Anayesema 'ndiyo' asipoelewa, amejifungia nje mwenyewe." Akaligeukia darasa. "Tumeelewana?"

Vinywa vilifunguka kwa mazoea, lakini "oui" haikutoka. Kisha kwenye benchi ya nyuma mkono mmoja ulipanda taratibu, nao ulikuwa wa Zorobabel.

"Mwalimu, mimi bado. Ile miti... tuanzie kwa ule wa kwanza."

Kaswera akamwita ubaoni, akampa chaki.